Pete za Zohali Juu ya Ndosho

Jumatatu, 17 Novemba 2025
Inspekta anakuja shuleni kwetu Ndosho Ijumaa. Préfet wetu, mkuu wa shule Papa Havugimana, anatafuta directeur wa masomo, na tumebaki wawili: mimi Bashige wa jiografia, na Namegabe wa fizikia. Kila mmoja atatoa somo mbele ya inspekta. Namegabe amechagua nguvu za mvutano. Watu watasinzia. Mimi nimechagua pete za sayari, na nimemwahidi préfet kwamba yeye na inspekta wataziona za Zohali kwa macho yao. Mapadri wameniazima darubini. Cheo hicho nimekitamani miaka kumi na moja.

Jumanne, 18
Nimeandaa somo. Wataalamu wengi wanadhani mwezi mmoja wa barafu ulisogea karibu mno na Zohali. Upande wa karibu ukavutwa zaidi kuliko wa mbali, mwezi ukapasuka. Vipande vikazunguka vikigongana, hadi vyote vikatulia katika duara moja bapa. Nimejaribu nyumbani kwa tonge la bugali juu ya gurudumu la chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyolazwa ubavu. Nimezungusha kwa nguvu. Bugali umeruka ukutani, na kipande kimoja kimemfikia mama mkwe kwenye paji la uso. Mke wangu Donatille amesema ukuta nitausafisha mwenyewe.

Jumatano, 19
Mawingu yamefunguka saa moja jioni. Zohali nimeipata. Haina pete. Ni kijidude cha mviringo, basi. Nimefuta kioo kwa shati, bado. Nakumbuka Namegabe juzi alipita karibu na darubini na kunisalimia kwa upole usio wa kawaida.

Alhamisi, 20
Nimepata dawa. Nimekata waya wa redio mbovu, nikaukunja duara, nikaubandika ndani ya kioo cha kutazamia. Gizani hauonekani. Lakini anga ikiwa bado na mwanga kidogo unakaa vizuri kabisa, na Zohali katikati yake. Somo litaanza mapema.

Ijumaa, 21
Wageni waliketi kwenye ukuta wetu wa mawe ya volkano. Inspekta alitazama, akasifu, akauliza mbona pete ni nyeusi. Nikasema vumbi. Préfet akanigusa bega. Kwa dakika mbili nilikuwa directeur.

Kisha inspekta akageuza darubini kuelekea Nyiragongo. Akasema polepole, "Mwalimu, hata mulima iko na pete." Akaielekeza kwenye mnara wa kanisa. Nao ulikuwa nayo.

Namegabe alisimama bila kuulizwa. Alichukua sahani kwenye meza ya wageni yenye samaki wadogo wa sambaza, akaiinua usawa wa macho ya inspekta. Upana wote ukapotea, ukabaki ukingo. Akaeleza kwamba pete za Zohali ni pana sana lakini nyembamba mno, na mwaka huu tunazitazama kwa ubavu. Hutokea hivyo kila baada ya miaka kama kumi na mitano. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nabandua waya. Niliona aibu hadi masikioni.

Jumapili, 23
Namegabe ndiye directeur. Baada ya misa alikuja kwangu kunipa pole. Amesema alikuwa ananiogopa: kama ningewaambia tu kwamba pete hazionekani, na kwa nini, somo langu lingelishinda lake. "Ngoja tu, confrère, zitafunguka zenyewe." Amemwomba préfet anipe nafasi nyingine Ijumaa ijayo, mbele ya wazazi, bila hila. Machozi yalinilengalenga. Ni mtu mwema.

Nimetafakari mchana kutwa, na kosa langu nimeliona. Waya ulikuwa mnene, tena mweusi. Nimemwomba Donatille unywele mmoja wa mvi. Amesema hana hata mmoja, na hajazungumza nami tangu hapo.

Nitamwomba mama mkwe.