Utumbo Wangu na Magodoro ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata pa kutokea! Maabara ya hospitali inatafuta watu wenye afya njema wameze bakteria. Ndiyo, bakteria. Eti ni wazuri, wanataka kuona kama wanaimarisha utando wa ndani ya utumbo. Nusu yetu tunapewa vidonge vya bakteria wenyewe, nusu vya unga mtupu, na hakuna anayejua kapewa nini. Mwishoni mmoja wetu ataajiriwa kuhamasisha wengine wajiunge na utafiti. Bila shaka ni mwenye utumbo bora. Nani kama mimi? Nimeanza kumeza leo leo. Mke wangu kasema nisipopata kazi mwezi huu, nitaenda kubeba magodoro dukani kwa kaka yake. Mimi! Chini ya Shemeji!

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji naye kajiandikisha. Mtu ana duka zima, anatafuta nini kwenye matumbo? Leo kaja kula kwetu, uso unang'aa. Mimi sisikii kitu. Ni wazi wamenipa unga. Alipoenda kunawa kaacha koti kitini, kichupa chake cha vidonge mfukoni. Nikabadilisha vidonge: vyake kwangu, vyangu kwake. Kazi safi. Hata mke wangu hakushtuka, na yeye hushtuka nikifungua friji.

Jumanne, 18 Machi

Lo! Hawa ndio bakteria! Tumbo limekaza, usingizi mnono, kiuno hakiumi tena. Nimemweleza nesi yote, nikaongeza kwamba hata nywele zinarudi. Akaandika, akanitazama kichwani, akaandika tena. Shemeji alipoulizwa akasema haoni tofauti yoyote. Maskini. Nikampa pole.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu. Wiki iliyopita walitunywesha maji ya sukari maalumu, tukakusanya mkojo kutwa, maana utando ukivuja, sukari hiyo hupenya hadi humo. Nesi kasema hakuna aliyevuja, awe wa bakteria au wa unga. Matumbo yetu yalikuwa mazima tangu mwanzo, hakukuwa na cha kuziba. Halafu akauliza, kwa upole ulioniudhi, imekuwaje bakteria niliopewa mimi wameonekana kwenye kinyesi cha Shemeji walichopima.

Kumbe wa kweli walikuwa wangu! Nywele zangu zimerudishwa na unga!

Nikasema labda wamehama wenyewe. Wakacheka wote. Kazi kapewa Shemeji, eti kwa kusema ukweli. Nyumbani mke wangu kaniwekea tu viatu vya kazi mlangoni. Afadhali angenitukana. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumatano, 2 Aprili

Mgongo wangu! Shemeji anahamasisha watu hospitalini, amevaa tai. Mimi nabeba magodoro yake. Mteja wa leo kabadilisha mawazo mara tatu, na anakaa ghorofani. Lakini jioni Shemeji kapita dukani, ulimi ukamteleza: utafiti unaofuata unataka watu wenye utumbo ulioharibika. Ulioharibika! Kumbe kosa langu lilikuwa afya tu.

Nimeficha maziwa nyuma ya godoro la sita kwa sita, upande unaopigwa jua. Pakiti imeanza kuvimba. Kesho nayanywa yote. Shemeji ajiandae kurudi kubeba magodoro yake mwenyewe.