Chumba cha Mfanyakazi Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Shajara yangu, leo wifi kanunua makochi. Katuma picha saba kwenye kundi la familia, na ya nane kajilaza juu yake kama aliyezaliwa hapo. Makochi yenyewe bado yamevishwa nailoni! Ati anaogopa vumbi. Kisha ati, wifi yangu wa ughaibuni, ya kwako ya rangi gani?

Hapo ndipo aliponipata. Miaka kumi na miwili niko nchi za watu, nakusanya shuka chafu za hoteli. Nakaa chumba cha chini ya ardhi. Bomba la maji linapita juu ya kitanda changu, na kila nikiinuka kwenye sala nagonga kichwa. Dirisha liko juu kabisa, naona miguu ya wapita njia tu. Majirani nawajua kwa viatu. Makochi niyaweke wapi, juu ya bomba?

Saa nne asubuhi, hotelini, ghorofa ya tisa. Mgeni katoka, kitanda kimeshatandikwa. Nikavua aproni, nikakaa kando ya dirisha kubwa, kikombe mkononi (kitupu), simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari. Picha moja tu! Nikaituma bila neno.

Kaka kauliza kama hapo ni nyumbani kwangu. Nimemjibu kwa ua linalotabasamu. Sijasema uongo. Picha haina maneno.

Jumanne, 7 Oktoba

Wifi ana macho ya askari wa forodha. Kaivuta ile picha mpaka nyuma ya bega langu, kaona kitanda, na juu ya kitanda kaona taulo lililokunjwa likawa bata. Wahudumu wa vyumba ndio mchezo wao huo. Kauliza mbele ya familia nzima: mwanamke anayeishi peke yake, anamkunjia nani bata?

Mwenye akili timamu angesema anajikunjia mwenyewe. Mimi vidole vilitangulia. Nikaandika kwamba ni mfanyakazi wangu wa ndani, ana utundu huyo, kila siku ananifanyia mnyama mwingine.

Sasa nina mfanyakazi wa ndani! Huo ni uongo, siukatai. Nimetia nia ya kufunga siku moja kwa kila uongo. Mshahara uko mbali, na kabatini mna mkate nusu na majani ya chai. Kwa hiyo kufunga kwenyewe si adhabu, ni bajeti. Mungu ni mwingi wa rehema, na mpangaji mzuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Msiba! Wifi kaandika waraka. Maneno ya asali, kama kawaida yake akitaka cha mtu. Ati kwa kuwa Mungu kanijalia nyumba yenye dirisha la kutazama mji mzima, na mtu wa kunikunjia bata, basi kile chumba changu cha uani sina haja nacho tena. Anataka kuweka vyerehani vinne. Kaka, mume wake, kaunga mkono. Kaka huunga mkono hata upepo ukivuma kutoka jikoni kwa mkewe.

Chumba cha uani! Mama alinipa kwa kinywa chake, wiki mbili kabla hajafariki. Kitanda chake kimo mle mpaka leo. Magoti yangu haya yamebakiza miaka michache tu ya kupanda na kushuka na shuka za watu. Yakinigomea nitarudi wapi? Duniani nina chumba kimoja tu, na ndicho hicho.

Najua unachotaka kuniambia, shajara. Sema kweli. Nimefikiria, wallahi. Kisha nikamfikiria wifi akiisoma hiyo kweli kwa sauti, amekaa juu ya nailoni. Hapana.

Nina akili bora zaidi. Nimeandika kwamba mwakani narudi likizo ndefu, na mfanyakazi wangu pia, kwa hiyo chumba nakihitaji sana, tena hakitoshi. Wifi kajibu upesi mno. Ati vizuri, basi Jumapili mjomba atakuja kuamua, na sote tumsalimie huyo mfanyakazi kwenye video.

Siku tatu za kufunga mpaka sasa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imebidi nimwendee Malkia wa Pasi. Ni mwanamke wa kwetu, anaendesha mashine kubwa ya kupigia pasi shuka pale chini, na anavyonyanyua kidevu utadhani anapiga pasi bendera ya taifa. Miaka mitano tunasalimiana kwa nyusi. Ananisema kwa wenzetu kwamba nakunja foronya kama nafunga mzigo wa kuni. Mimi namsema tu kwa Mungu.

Nimemwomba aigize mfanyakazi wangu kwa dakika kumi. Kacheka mpaka kaunguza foronya. Kauliza kama sina haya, mtu mzima mwenye mvi. Kisha kafuta macho, kasema atakubali kwa sharti moja. Yeye akimaliza kuwa mfanyakazi wangu, na mimi niwe wake. Ati mama mkwe wake ameshaambiwa tangu mwaka juzi kwamba yuko na msichana wa kazi, na sasa anataka kumwona.

Mwongo mkubwa! Anasali safu ya mbele kabisa, na kumbe ndiyo mambo yake! Nimemsikitikia sana. Tumekubaliana.

Jumapili, 12 Oktoba

Tulijifungia stoo ya shuka baada ya zamu. Tukatundika shuka mbili mpya ziwe mapazia, tukaweka viti viwili na chupa ya chai. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Malkia kajifunga kitambaa kichwani na aproni yangu. Kwenye simu mjomba katikati, kaka kushoto, wifi kulia, na nailoni inalia kila akijigeuza.

Nilimwagiza jambo moja: anisifu. Kumbe kumpa yule mwanamke kazi ya kusifu ni kumpa mtoto kiberiti. Kapiga magoti kidogo, kamsalimia mjomba shikamoo ya heshima zote, kisha kaanza. Ati bosi wake ni tajiri lakini hana majivuno. Ati analala kwenye godoro la manyoya ya ndege. Nikamkanyaga mguu. Kadhani namchochea! Kaongeza kwamba bosi wake kila siku anasema hawezi tena kulala kwenye chumba cha uani chenye bati linalovuja, kwamba ngozi yake imeshazoea hewa ya mashine.

Mjomba kashukuru sana. Kasema basi, mhusika amesema mwenyewe kupitia kwa mtu wake, neno limekwisha. Wifi kafuta chozi ambalo sikuliona.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikavaa aproni ile ile, nikasimama nyuma ya kiti cha Malkia. Mama mkwe wake kanitazama dakika nzima, kisha kamwambia mkwewe huyo mtu wako ana macho ya jeuri, umfukuze. Malkia kajibu kwamba anafikiria! Aproni ni yangu!

Mimi uongo wangu leo haukuzidi mmoja. Mwingine wote kausema Malkia, afunge mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeamua kusema kweli. Siku mbili nimefunga, nimesali, na moyo umelainika. Pia kaka kasema fundi rangi anakuja kesho.

Nikampigia kaka, yeye tu, asubuhi kabla ya kazi. Nikamwambia kila kitu. Kwamba sina nyumba. Kwamba nasukuma toroli la shuka. Kwamba mshahara unafika tarehe ishirini na tano na kuniaga kabla mwezi mpya haujaanza. Kwamba chumba cha mama ndicho uzee wangu. Kaka kasema ananijua, tangu utotoni nikinyimwa kitu najifanya mgonjwa.

Nikakasirika. Nikapiga picha ya chumba changu bila kupanga kitu: bomba, ndoo ya kukingia matone, kitanda, dirisha na viatu vya kahawia vya jirani mmoja mchechemevu. Nikaituma kundini. Nikaandika: hapa ndipo ninapoishi.

Wote wakaifungua. Nikajua imewaingia.

Kisha wifi kaandika. Ati jamani, wifi, hata kama unataka chumba, ndiyo utupigie picha kwenye chumba cha mfanyakazi wako? Ati kumbe yule mama wa watu, mwenye adabu vile, anayekupenda vile, unamlaza kwenye shimo kama hili na wewe uko juu kwenye manyoya? Ati Mungu anakuona.

Mjomba katuma ujumbe wa sauti, dakika kumi na nne, juu ya haki za watumishi. Shangazi ambaye hajawahi kuniandikia tangu niondoke kaniandikia: aibu.

Nimejitetea mpaka dole gumba limekufa ganzi. Wapi! Nimepunguza siku moja ya kufunga, maana kweli nimesema.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kaka katuma picha. Chumba cha uani kimepakwa rangi ya njano. Vyerehani vinne vimejipanga ukutani. Katikati kuna meza ndefu ya kukatia nguo, imefunikwa kitambaa. Nikaivuta picha, maana na mimi nina macho. Chini ya kitambaa nimeona miguu ya kitanda cha mama. Wamekipigilia ubao juu.

Nimelia kidogo, kwenye ngazi za dharura, ghorofa ya sita, foronya mdomoni. Foronya ilikuwa ya kufuliwa, haina neno.

Wifi kauliza kama nimeumia. Kauliza kwa huruma! Ingekuwa kejeli ningeweza kunyamaza. Lakini huruma ya mtu yule? Nikajibu kwamba wala, nilitaka kuwaambia mwenyewe wakichukue hicho chumba, kwa sababu mimi ninajenga. Ghorofa.

Kaka kauliza wapi, na picha iko wapi.

Mungu hamwachi mja wake. Nyuma ya hoteli wanaongeza jengo, nguzo zimeshasimama. Mlinzi ni mcha Mungu, kakubali kutuazima kofia ngumu ya njano kesho baada ya zamu. Malkia wa Pasi atashika simu, kisha nami nimshikie, maana mama mkwe wake naye keshaanza kuuliza maswali. Tumepatana atasimama kwenye nguzo nyingine, picha zisifanane. Yeye anyamaze, nami ninyamaze. Picha haina maneno.

Wifi kauliza swali moja zaidi: je, kwenye hilo ghorofa, safari hii yule mfanyakazi atapata chumba chenye dirisha?

Nimemjibu kwamba atapata. Dirisha kubwa, la kuonyesha anga, na juu ya kitanda hapatapita bomba. Hilo nimeliahidi kwa moyo wangu wote, na silihesabu kwenye zile siku za kufunga.