Leseni ya Chumba cha Pili Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi umeanza. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani ameonja keki yangu ya limau, amefumba macho, kisha ameagiza keki ndogo mia moja na ishirini za mahafali ya Jumamosi. Kwangu mimi! Mtu niliyepunguzwa kazini miezi minane iliyopita, na ambaye kuku wake wote walikufa ndani ya wiki moja. Sharti lake ni moja: nimwonyeshe leseni ya kuoka nyumbani kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo oda inakwenda kwa Bi Vanila wa nyumba ya pili, ambaye leseni yake ameitundika sebuleni pale wenzake wanapotundika picha ya harusi.

Mke wangu alisikiliza, akanikumbusha kuku, akanikumbusha na mradi wa kuosha magari. Akasema huu ndio wa mwisho. Ukianguka, nitakwenda dukani kwa kaka yake kupanga misumari. Nimemwambia ataona.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua fomu ofisi ya afya. Kurasa nne. Mwokaji awe amepimwa (nimepimwa leo leo, buheri wa afya). Kila keki iwe na lebo. Mnyama asiingie. Rahisi kama kumsukuma mlevi. Kisha sharti la nne likanitoa jasho: chumba cha kuokea asilale mtu.

Mama mkwe analala jikoni. Si usiku, usiku ana chumba chake. Ni kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye godoro jembamba kando ya oveni, kwa ajili ya magoti yake, ambayo huyasema kama wapangaji wakorofi. Mke wangu akashauri nimwombe mama apumzike kwingine. Kwake ni rahisi. Mimi hata chumvi simwombi mama mkwe. Namwambia mke wangu, naye anamwambia mama yake, ambaye amekaa ubavuni kwangu. Nimhamishe usingizini? Nitatazamwaje na ukoo?

Jumatano, 5 Machi

Akili imekuja wakati napiga mswaki. Mama mkwe hahami, basi oveni ihame! Chumba chetu cha kulala kina dirisha kubwa na vigae vipya. Kitanda nimekifungua vipande vipande na kukificha nyuma ya kochi. Fundi umeme kavuta waya. Kuta nimepaka nyeupe. Ni kwa siku moja tu, Bwana Afya anayekuja kesho kukagua akishaondoka kila kitu kinarudi mahali pake.

Mke wangu aliporudi kazini alikuta nguo zake zote kwenye beseni. Akauliza kitanda kiko wapi. Nikajibu kiko salama. Akatandika kanga juu ya kochi, akajinyoosha bila kuniachia nafasi.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Afya alifika saa nne, mrefu, na futi ya kupimia mfukoni. Akapima dirisha. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakikagua. Akasema tangu aanze kazi hajaona nyumba iliyotenga chumba cha kuokea kwa moyo namna hii. Akauliza sisi wenyewe tunalala wapi. Nikasema popote. Akaandika, akagonga muhuri.

Nina leseni! Nimepita mbele ya nyumba ya Bi Vanila mara tatu nikijipepea nayo. Mara ya nne akafunga pazia.

Jioni nilikuwa naunganisha kitanda, mke wangu akaisoma leseni mpaka mwisho, tabia ambayo mimi sina. Kuoka kutafanyika chumba cha pili kushoto, mita tatu kwa nne, na si penginepo. Mkaguzi aweza kurudi saa yoyote bila taarifa. Nikaweka bisibisi chini. Mke wangu amehamia chumbani kwa mama yake. Mimi nimerithi godoro la jikoni.

Lakini leseni ninayo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu mkuu kaiona leseni saa tano. Oda ni yangu!

Nilianza kuoka saa sita. Saa nane nikakimbilia lebo kwa mpiga chapa. Kurudi, mama mkwe amelala fofofo chumba cha kuokea, kando ya oveni. Magoti yamefuata joto. Na hapo hapo, hodi. Bwana Afya. Alisema amepewa taarifa, hakusema na nani, ila Bi Vanila alikuwa nje akimwagilia maji ua wake, ambao ni saruji tupu.

Kumwamsha siwezi. Kumgusa ndiyo kabisa. Nikabaki nimesimama mlangoni nikikohoa. Bwana Afya akachungulia juu ya bega langu. Misumari ya shemeji niliiona waziwazi.

Mama mkwe akafungua jicho moja. Akaitikia shikamoo ya mgeni, kisha akamwambia asidhani amelala, anazisikiliza keki. Zikiiva huacha kutoa sauti, na trei ya chini imenyamaza sasa hivi. Nikaitoa. Imeiva vizuri, rangi ya kahawia inayong'aa. Bwana Afya alikula mbili akiwa amesimama, akaagiza mama naye apimwe afya Jumatatu, jina lake liongezwe kwenye leseni.

Nilitamani kumkumbatia mama mkwe. Nimemtumia shukrani kupitia kwa mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Keki zilikwisha kabla hotuba hazijaisha. Wazazi wawili wameomba namba yangu ya simu.

Mke wangu ameitundika leseni ukutani kwa mkono wake, akarudi nyuma kutazama kama imenyooka. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, nikasingizia unga.

Kisha akasema Jumatatu niombe leseni ihamie jikoni. Mama atapumzika sebuleni. Amekwishamwambia, na mama kakubali papo hapo, akashangaa kwa nini hakuna aliyemwambia tangu mwanzo.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda ofisini kuhamisha leseni, Mungu ni shahidi. Lakini kwenye foleni, dirisha la pembeni, kulikuwa na fomu za nyumba za kulala wageni. Ukurasa mmoja! Kitanda, dirisha, mlango unaofungwa, basi. Nani atang'ang'ana na keki peke yake wakati nyumba nzima inaweza kuzaa matunda? Nikatoka kwenye foleni.

Fomu iliuliza nina vyumba vingapi vya wageni. Nimeandika sita. Tunavyo vitano, ukihesabu na bafu, lakini mkaguzi haji mpaka Alhamisi.