Alama Kumi, Alama Mia

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Lionja.
Nimeshindwa. Kwa muda tu. Kikundi chetu cha wakulima wa korosho kimechagua msimamizi wa kitalu cha miche. Kila mwanachama alimpa kila mgombea alama, sifuri hadi kumi. Teodosia 162. Mimi, Harithi, 118. Tatizo nimeliona: alama kumi ni chache mno. Anayenipenda sana anakosa nafasi ya kulionyesha pendo lake. Katiba inaniruhusu rufaa mbili. Nimeomba tupige kwa alama mia.

Jumatano, 4 Septemba.
Tumerudia. Bibi Sabaha juzi alinipa sita, leo kanipa sitini. Wote wameongeza sifuri tu, kana kwamba walipanga. Teodosia 1,620. Mimi 1,180. Alinizidi 44, sasa 440! Bwana shamba Eustakio akasema alinionya: ukizidisha alama zote sawasawa mshindi habadiliki, na kura ya haki ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa mikorosho, siasa aniachie mimi. Rufaa ya pili: alama tano.

Alhamisi, 5 Septemba.
Teodosia 81, mimi 59. Kanizidi 22 tu. Nakaribia! Lakini rufaa zimekwisha. Mke wangu, Raudha, aliniuliza kama ufuta wa Teodosia ungekuwa mchache kuliko wangu kwa sababu tu tumeupima kwa kikombe badala ya debe. Nikasema hilo ni suala la kilimo. Kusema kweli, nimeumia. Nilitaka watu wakipita barabarani waseme miche ile kailea Harithi.

Jumapili, 8 Septemba.
Teodosia alipita kwangu akitoka kanisani. Nikajiandaa kwa masimango. Akasema, "Baba Samia, waliokupa alama hawakukosea. Miche elfu mbili siiwezi peke yangu. Njoo tulee wote."
Nimekwenda. Tumemwagilia mpaka adhuhuri. Safu ya kwanza imeanza kupasua udongo, vijani vyekundu, laini kama sikio la mtoto. Nilipiga magoti nikavitazama mpaka Teodosia akanikumbusha ndoo.
Mwakani tunachagua tena. Barua ya mapendekezo nimeshaiandika: kila mwanachama apige kura mara mbili. Kura zangu zitakuwa maradufu. Teodosia simwambii, asije akajipanga.