Mgeni kutoka Basoko

Jumatatu, 3 Juni
Kisangani yote ijue: chapati ya mwisho imeliwa leo nami, mimi na friji tukitazamana. Vizazi vitatu nyumba moja, na kila sahani ina chumba chake. Ndugu yangu Dilip hula na mpira wa televisheni. Watoto wake, na simu. Ba, mama yetu, na sala zake.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Ba ana sheria isiyovunjwa: mgeni akija, wote mezani, na hagusi mtu chakula kabla yake. Nimetangaza kwamba kesho anakuja mteja mkubwa wa duka letu, kutoka Basoko. Mteja huyo hayupo. Jambo dogo.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Dali ya dengu, bamia, wote mezani. Tukangoja. Njaa ikalegeza ndimi. Dilip akasimulia jinsi marehemu baba alivyotumbukia mtoni amekumbatia gunia la sukari, akakataa kuliachia. Watoto walicheka, simu zimelala. Sijafurahi hivi tangu mke wangu afariki. Mwishowe Ba akaruhusu tule, akaniagiza mtu huyo nimlete kesho, hata kwa kamba.

Alhamisi, 6 Juni
Nilimwomba Papa Bavon, mchuuzi wa bandarini, awe mteja. Ni wa Basoko kweli. Nikamfundisha kila kitu, isipokuwa kwamba kwetu, wala mboga watupu, haliingii hata yai.
Na yeye si mtu wa kwenda kwa watu mikono mitupu. Akaweka mbele ya Ba samaki wa moshi, mrefu kama mkono wangu.
"Mama, hii iko ya kwenu. Ya Basoko, muzuri kabisa."
Mke wa Dilip akakimbilia ubani. Watoto wakarudi vyumbani na sahani zao. Papa Bavon akanigeukia, mbele ya wote: "Bon, Papa Kishor, ile ya kujifanya mteja, nilikosea wapi, fasi gani?"
Nikabaki mezani na samaki.

Ijumaa, 7 Juni
Ukweli wenyewe: hakukuwa na mteja. Nilichoka kula na friji. Nilimwambia Ba hivyo asubuhi, akisugua meza kwa limau. Hakuinua kichwa. Alijua tangu Jumatano, akasema. Mteja mkubwa afuate nini dukani kwetu? Akaongeza kwamba sala zake huisha mapema kuliko tunavyodhani, kisha naye hula na kuta.
Akasugua tena.
"Mgeni ajaye, Kishor, usimtoe mtoni."
Nimeapa kutodanganya tena. Jumapili anakuja mkulima mashuhuri wa Yahuma. Hagusi nyama wala samaki. Nimeshawatangazia wote, bado kumpata tu.