Mlango wa Mshauri Selina Ung'olewe

Chiku Hashimu,
Muuza viatu vya mitumba,
Mchikichini.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Vijana Tulizana,
Ilala.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSHAURI NASAHA ASIYESEMA KITU

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nitakieleza zaidi ili kusiwe na kisingizio.

Mimi ni mama wa Amira, wa kidato cha tatu. Kwa miezi miwili sasa, binti yangu nyumbani anasema mambo matatu tu: shikamoo, nimeshiba, na hamna kitu. Kila Jumanne anakuja kituoni kwenu kwa mshauri nasaha aitwaye Selina, anakaa naye saa nzima mlango umefungwa, na akirudi ni yale yale. Nimevumilia vya kutosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshauri wenu hasemi kitu. Nilimuuliza kwa adabu mwanangu kamwambia nini. Akanijibu, kwa adabu pia: "Mama, hayo ni ya Amira. Nikiona maisha yake yako hatarini, nitakuita siku hiyo hiyo. Mengine atakwambia mwenyewe akiwa tayari." Mtoto nimemzaa mimi, Ndugu Mkurugenzi. Kwetu sokoni belo la mitumba likikatwa kamba, majirani wote wanasogea kuona kilichomo, na hakuna anayeambiwa asubiri mpaka viatu viwe tayari.

2. Hapokei shukrani. Nilimpelekea viatu vya ngozi, gredi ya kwanza, saizi nikiwa nimeikadiria kwa macho tu. Akavisifu, kisha akavirudisha. Alisema akivipokea atapata tabu kunikatalia nikimuuliza tena. Sijui nani alimwambia nia yangu.

3. Anakiri kwamba hajui. Nilimuuliza kama Amira anahitaji dawa. Akasema hiyo si kazi yake, atashauriana na msimamizi wake, na ikibidi binti atapelekwa kwa daktari. Mtaalamu gani huyo mwenye msimamizi? Mimi nauza viatu mwaka wa kumi na tisa na sijawahi kumwambia mteja sijui.

4. Mlinganisheni na Bwana Bakili, mshauri wa vijana anayesimama Kariakoo na kipaza sauti. Huyu ana cheti cha semina ya siku tatu, siku moja ikiwa ya kupiga picha. Nilimpelekea Amira mwanzoni kabisa, alipoanza kuogopa mitihani. Bwana Bakili hakuficha kitu. Alimsimamisha mbele za watu, akamtaja jina, shule na woga wake, na kabla ya adhuhuri wauza vitenge wote walikuwa wanampa pole. Tangu siku hiyo Amira hajazungumza na mtu, nami nilichukulia kwamba ushauri umemwingia.

5. Hili ndilo kubwa. Nilipoona habari hazitoki, nikaenda mwenyewe kuzichukua. Nikamwambia Selina nina rafiki yangu ana shida: binti yake haongei, na huyo rafiki akikaa mezani kwake sokoni anawaza kwamba aliyemharibu mtoto ni yeye, kwa kumpeleka kwenye kipaza sauti, na anaogopa sana. Selina alinisikiliza bila kunikatiza, akanisogezea leso, akasema, "Mpe pole sana rafiki yako." Kisha akasema yeye ni mshauri wa Amira, hawezi kuwa wa wote wawili, rafiki yangu aende kwa mwenzake wa chumba cha pili. Yaani nilikwenda kuchukua za watu nikaacha zangu. Na hizo nazo hajamwambia mtu. Nimeulizia.

Kwa hiyo naomba mlango wa chumba chake ung'olewe. Pawekwe benchi la wasikilizaji wanne: mimi, wifi yangu, jirani yangu Shamsa, na nafasi moja kwa atakayewahi. Selina apewe kipaza sauti. Ikishindikana, niajiriwe mimi, maana sauti ninayo.

Nisalimieni mlinzi wa getini, mama wa usafi anayenipa kiti, na wafanyakazi wote. Hata Selina.

Ni mimi, niliyebakiwa na subira kidogo,
Chiku Hashimu

Tanbihi: Nilichelewa kuileta barua hii. Jana mimi na Amira tulikuwa uani tunaosha raba, kila mtu na brashi yake. Nilikuwa nimechoka kuuliza, nikanyamaza. Kwenye jozi ya sita hivi akaanza kuongea mwenyewe, akaongea mpaka povu likaisha kwenye beseni. Nimelia, naye kalia, kisha tukamaliza wali wote sufuriani. Barua naileta hivyo hivyo kwa sababu mwandiko umetoka vizuri, ila mlango msiuguse. Rafiki yangu naye anauliza yule wa chumba cha pili anapatikana siku gani.

Alichoniambia Amira ni cha Amira. Tangu asubuhi Shamsa ameshakuja mara tatu kuazima chumvi, na chumvi anayo. Nimemwambia hamna kitu.