Malalamiko Dhidi ya Miguu ya Kasonde

Élisabethville, mwezi wa tano 1956

Kwa Bwana Laurent Mwenze,
Prezida wa Serkle yetu ya Tenisi

Bwana Prezida na Ndugu yangu,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninatumaini wewe, Mama nyumbani na Komite nzima mko vilevile. Ni moyo tu ambao hauko sawa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi ni Rigobert Nkandu, karani wa ofisi ya mizigo, mwanachama tangu siku ile tulipobomoa kichuguu na kuuponda udongo wake ili tupate uwanja. Kuanzia siku hiyo mpaka Pasaka ya mwaka huu, kama unavyojua, hakuna mwanachama aliyewahi kunishinda.

Aliyenishinda ni Kasonde, mwalimu wa darasa la pili, ambaye mimi mwenyewe nilimsimamia siku ya ndoa yake. Ninaleta malalamiko. Si dhidi ya mkono wake, kwa maana mkono wake ninauheshimu. Ni dhidi ya miguu yake.

Ya kwanza. Mimi husimama katikati ya mstari wa nyuma, miguu imetulia, kama mtu anayepigwa picha. Mpira ukija, ninaupiga. Usipokuja, siupigi. Miaka yote hii wanachama wamekuwa wakiniletea mpira pale nilipo, kwa adabu, kama vile mgeni anavyoletewa kiti. Tangu Pasaka Kasonde anaupeleka mahali ambapo sipo. Ninaomba Komite ipime uzito wa jambo hili: mtu anamwona mwenzake yuko hapa, tena anamwona vizuri, halafu anapiga kule. Katika mitaa yetu mtu akisalimia kiti kitupu na kumwacha mwenye nyumba amesimama pembeni, tunamwuliza kama amekunywa.

Ya pili. Kila ninapotaka kupiga, yeye huruka. Si kuruka kwa furaha, hilo ningelivumilia. Ni kuruka kwa chini sana, miguu yote miwili pamoja, akitua kwa nyayo za mbele kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Anapotua, tayari anajua kama aende kushoto au kulia. Hapo anageuza bega kwanza, raketi inarudi nyuma pamoja na bega, kisha anakuja kwa hatua ndogondogo, kama mama aliyebeba beseni la maji kichwani kwenye utelezi. Hatua ya mwisho peke yake ndiyo kubwa, na inakwenda mbele, na mwili wote unaifuata. Mpira anaukuta mbele ya kiuno chake, raketi ikitoka chini kwenda juu na kumalizikia begani. Halafu, badala ya kusimama na kuitazama kazi yake kama ninavyofanya mimi, anarudi katikati mbio! Mtu aliyefanya kazi nzuri kwa nini aondoke pale alipoifanyia?

Ya tatu. Hapa inanibidi kuwaingiza ndani ya nyumba yangu, na ninaomba Komite ivue kofia. Elimu hii ya miguu ilitoka kwangu. Mke wangu Germaine, ambaye wote mnamjua kwa sweta anazofuma, huja kila Jumapili baada ya misa kukaa kwenye benchi la wanawake. Msimu wote wa mvua, kila mpira uliponipita, alisema bila kuinua macho kwenye sindano zake: "Baba Julienne, songesha miguu! Mupira iko naenda, weye uko nangojea nini? Bakuite na barua?"

Nilimweleza nyumbani, kwa upole na kwa Kifaransa, kwamba mtu mwenye heshima hakimbii mbele ya watu, na kwamba anayekimbia katika mji huu ni mwizi au boi aliyechelewa kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa. Sitasema tena." Na kweli hakusema tena. Nilidhani nimeshinda.

Basi Jumapili moja Kasonde, baada ya kushindwa nami kama kawaida, alikwenda kuketi karibu na benchi lile, jasho likimvuja, akamwuliza: "Mama Julienne, weye unaangalia sisi bote. Mi niko nakosa wapi?" Nilikuwa pale pale nikinywa maji, nikasikia kila neno. Germaine aliweka sindano chini, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi. Akakaza kikwembe kiunoni, akasimama kwenye vumbi, akamwonyesha: ruka kidogo, geuka, hatua ndogo, piga, rudi. "Uko nachelewa juu uko nangojea," alimwambia. "Anza kusonga mbele ya mupira kufika." Kasonde akafanya. Akakosea. Akafanya tena. Walikuwa wakicheka, Bwana Prezida, na sikuona kitu cha kuchekesha.

Swali langu la kisheria ni hili: shauri ambalo mume amelikataa, bado ni la nyumba yake, au limekwisha kuwa la mtu yeyote? Mimi ninasema ni la nyumba. Nilikuwa nimeliweka tu. Labda ningelihitaji siku moja.

Ya nne ni mechi yenyewe ya Pasaka. Sitaieleza yote, kwa sababu ulikuwepo, na kwa sababu sehemu kubwa ya mechi ile haikupita karibu nami. Niliona pembe za uwanja ambazo sikuwahi kuzitazama vizuri. Mpira wa mwisho ulitua mbele yangu kidogo, upande wa kulia. Ningeweza kuufikia. Watu wote waliona kwamba ningeweza. Nilibaki nimesimama na raketi mkononi nikiutazama unadunda, unadunda tena, unalala. Kasonde alikuja kwenye wavu akanipa mkono. Hakucheka. "Yaya, unisamehe," akasema, kama mdogo kwa kaka yake. Mtu aliyekushinda akikuomba msamaha, utapata wapi usingizi?

Nyumbani Germaine alisonga bukari ya mahindi, akapika na samaki wa Kasenga, hakutaja mechi hata kidogo. Ni binti yetu Julienne aliyeuliza mezani kama baba anaumwa miguu.

Ya tano, ambayo kwa maoni yangu inatosha kuita mkutano wa Komite usio wa kawaida. Ubaya huu hauishii uwanjani. Kuna duka la nyama mjini, silitaji, ambako Wazungu hununua ndani na sisi tunangojea nje, kwenye kidirisha cha ubavuni, mpaka mtu akumbuke kwamba tupo. Mimi ninangojea vizuri sana pale. Nina mkao wangu, ule ule wa tenisi. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya Kasonde. Muuzaji alipoinua tu kichwa, hata kabla hajageukia tena wateja wake wa ndani, Kasonde akaruka kidogo, akageuza bega, akapiga hatua, na tayari alikuwa mbele ya uso wake akisema bonjour na kutaja nyama aitakayo. Yule bwana alishtuka, akampimia kabla hajakumbuka kumwacha angoje. Kasonde aliondoka na nyama ya paja. Mimi niliondoka na mifupa, baadaye sana.

Sasa ninauliza: tukiacha watu wafundishwe kutoka mahali walipowekwa kabla hawajaitwa, tutafika wapi? Sisi tuna karatasi ya kuhama mji, karatasi ya kuwa upande wa Wazungu usiku, karatasi ya kwenda kijijini kumzika mzazi. Kila hatua ina muhuri wake. Je, Kasonde ana karatasi gani ya kutoka pembe moja ya uwanja mpaka nyingine? Leo ni pembe ya uwanja, kesho ni kidirisha, keshokutwa atapita mlango wa mbele wa duka lile akiwa na kikapu mkononi. Na wengine watamfuata, maana anaruka vizuri. Mwisho wake koloni nzima itakuwa inarukaruka, na maofisa hawatajua mtu yupi yuko wapi. Sitaki iandikwe kwamba mambo hayo yalianzia kwenye Serkle yetu, juu ya kichuguu chetu.

Ya sita ni fupi. Bwana Prezida, Jumatano ulionekana nyuma ya stoo ukirukaruka peke yako. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, Komite iweke sheria kwamba kila mchezaji apige mpira pale mwenzake alipo. Ninaomba pia Kasonde arudishwe katika hali yake ya zamani, ikiwezekana kabla ya mechi yetu na watu wa Jadotville, na benchi la wanawake ligeuzwe litazame barabara. Haya yakishindikana, nitajiondoa Serkle na kujiunga na wacheza dama, mchezo ambao mtu anaucheza amekaa.

Nisalimie Mama, wazee wa Komite, mhazini na mguu wake unaomsumbua wakati wa baridi, wanachama wote waliotulia, na hata wasiotulia. Msalimie pia Kasonde, kama atasimama mahali pamoja muda wa kutosha kupokea salamu.

Ni mimi, mwanachama wenu ambaye bado yuko pale pale mlipomwacha,

Rigobert Nkandu

Nyongeza. Barua hii ilikaa mfukoni mwangu kwa kukosa bahasha, na katikati yametokea mambo ambayo sina budi kuyaongeza.

Jana jioni Kasonde alikuja nyumbani. Alisema mmemchagua kwenda Jadotville kwa mchezo wa wawili kwa wawili, na kwamba amekataa kucheza na mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi. Nilimwambia wazi kwamba mimi sisogei. Akajibu: "Haizuru, yaya. Mi ntakimbia juu ya sisi babili." Yaani atakimbia kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Nikachukua raketi.

Tulicheza na wale ndugu wawili wanaoishi karibu na uwanja. Kasonde alikimbia upande wake na upande wangu, mpaka akateleza, akaanguka, akabaki chini ameshika goti (goti ni zima, usiogope). Mpira ukaenda kwenye pembe yake, mbali kabisa, hakuna mtu. Bwana Prezida, sikumwomba mtu ruhusa. Nilijikuta nimefika. Bega lilikuwa limegeuka lenyewe, nikaupiga mpira kwa mkono wa nyuma, kutoka chini kwenda juu, pigo ambalo sijawahi kulipiga maishani mwangu. Sijui ulitua wapi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuingia ndani ya maua ya Komite. Maua hayo nitayapanda upya. Nilipotoka, Kasonde alikuwa bado amekaa kwenye vumbi, anacheka mpaka machozi, nami nikakaa karibu naye tukacheka wote.

Kwa hiyo tafadhali futa ya kwanza mpaka ya sita, pamoja na maombi yote yaliyofuata. Lipo ombi jipya, moja tu: kama stoo ya Serkle ina raba za ziada, za mguu mkubwa, ninaomba kuazimwa kabla ya Jadotville. Zangu nimezikuta leo asubuhi zimetoboka vidoleni. Fundi viatu alizigeuza, akazitazama sana, akaniuliza kama nilikwenda nazo Kasomeno, mwendo wa siku nyingi, kwa miguu.